Mshenga

Daktari Muatasim alisema kwa Kiarabu, *naaqil*,
nami niliyeletwa kutafsiri nikakwama.
Mbebaji? Mchukuzi? Tarishi?
Mama kakaa pembeni, kidole gumba cha kulia
kinahesabu noti zisizokuwepo.

Kichwani, mama, nikaanza,
seli mbili za ubongo hazigusani.
Zimesogeleana kama nyumba zetu za Maabela,
ukuta kwa ukuta, hata kikohozi chasikika,
lakini kati pana mwanya
mwembamba kuliko tundu la sindano yako ya kofia,
na umeme ukifika ukingoni, huishia hapo.
Ndipo hupasuka vifuko vidogo vidogo,
zikamwagika chembe, zikavuka,
zikabisha hodi ng'ambo
kwenye mlango unaozijua kwa umbo.

Mama akanitazama kwa ule uso
ambao maradhi yameusahaulisha kucheka.
"Mshenga," akasema.

Basi, mshenga.
"Na akikubaliwa?"
Akikubaliwa, nyumba ya pili husisimka,
nayo hutuma wa kwake kwa nyumba ya tatu,
hivyo hivyo, mpaka kidole kiinuke.
"Kisha yeye?"
Kisha hurudi alikotoka. Asiporudi hufagiliwa.
"Ndiyo adabu. Mshenga akilala kwa wakwe,
hiyo si posa tena."
Daktari akauliza, amesema nini?
Sikuwa na Kiarabu cha kutosha.

Akatuonesha picha. Chini kabisa ya ubongo
pana kidoa cheusi, kama wanja,
hapo ndipo hutengenezwa mshenga huyu, dopamini.
Cha mama kimefifia,
kama wanja wa aliyelia usiku kucha
na asubuhi hataki kuulizwa.

Sasa nyumbani tunaishi kwa saa ya vidonge.
Saa kumi na moja na nusu, kabla ya chai.
Saa tano. Saa kumi. Saa mbili usiku.
Maharage ni marufuku karibu na kidonge,
na papa mkavu, na mayai:
vyote hugombea mlango mmoja wa kuingilia,
na dawa, kwa upole wake, husubiri nje.
Tukikosea tukazidisha,
mabega yake hucheza ngoma asiyoipigiwa
na yeye hukaa katikati ya mwili huo
kama mgeni aliyekosea harusi.

Harusi ni ya Yaarubu, mjukuu wake, mwezi ujao, Ibra.
Kofia ameanza yeye, lazima amalize yeye.
Vitobo mia nne na kitu, kila kimoja
kizungushiwe uzi wa hariri pande zote,
katikati pabaki wazi.
Nilipokuwa mdogo nilidhani kazi ni uzi.
"Kazi ni tundu," alinambia. "Uzi unalilinda tu."

Leo kidonge kimechelewa kuamka.
Nje joto limefika arobaini na sita,
kiyoyozi kinanguruma, sindano iko mezani.
Nimeuchukua uzi nimtungie; kaninyang'anya.
Halafu, kwa sauti iliyobaki, ndogo kama mwandiko wake wa siku hizi,
akaanza, macho dirishani:

*Mshenga amechelewa, mlango wangu u wazi,*
*Na kofia yangojewa, sindano haina uzi,*
*Mwambie akijaliwa, apite njia ya juzi,*
*Nyumba haijafungiwa, bado ndani kuna watu.*

Nikatafuta kalamu. Nilipoipata
alikuwa keshasahau mstari wa pili, au kajidai.
Dakika arobaini.
Jirani anapiga msumari ukutani, anaacha.
Gumba lake likahesabu noti moja,
moja tena,
likasimama.

Akalamba ncha ya uzi.
"Usinitazame," akasema, na mimi nikageuka,
nikasikia hariri ikipita.